Siku Tisa Kabla ya Kilomita 50



Wasomaji wetu watukufu, Alhamisi ya wiki jana tulipanda basi la usiku kutoka Mombasa, tukafika Ruiru Ijumaa asubuhi kwa ajili ya arusi. Hatukuwa na nia ya kurudi na habari ya safu hii. Nia yetu ilikuwa pilau, vugo, na kuonana na jamaa ambao maisha yamewapeleka bara. Lakini mwenyeji wetu, binti wa kaka yetu aliyeolewa huko miaka 14 iliyopita, alitupokea mlangoni kwa uso usiokuwa wake. Alitukaribisha vizuri, akatuletea chai ya tangawizi na mahamri, kisha akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Tulipomuuliza ana nini, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Shangazi, nimejitia katika jambo nisiloliweza."

Wanawake watu wazima wakisikia maneno hayo, nyoyo zao huenda mbali. Tulidhani ni deni. Tulidhani ni mambo ya ndani ya nyumba, na mmoja wetu, Mungu amsamehe, alikwisha kumtupia mkwe wetu jicho baya. Kumbe ni mbio.

Jumapili hii ya keshokutwa amejiandikisha kukimbia kilomita 50 katika njia za misitu ya nyanda za juu. Mbio za namna hiyo huitwa ultramarathoni, na maana yake ni nyepesi: ni mbio yoyote inayozidi kilomita 42 na mita 195 za marathoni. Kilomita 50 ndio mlango wa kwanza. Nyuma yake kuna 80, kuna 100, kuna 160, na wako waja wa Mungu wanaozipita zote hizo. Kwa msomaji wa pwani anayetaka kuupima umbali huo kwa macho, barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika, ile iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012, ina urefu wa kilomita 50 hivi. Sisi tulipita kipande chake tu, kutoka mjini mpaka Ruiru, tena tumeketi, na tulishuka tukilalamika viuno.

Ameridhia tuyaandike haya, kwa sharti la kutotajwa jina. Tunaandika kwa sababu tunajua wako wengi miongoni mwenu ambao hawatakimbia hata kilomita moja, lakini wanaijua vyema hali aliyokuwa nayo: siku imekaribia, watu wote wamekwisha kujua, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba hukujiandaa kama ilivyopasa.

Alianza miaka mitatu iliyopita, na hakuanza kwa kupenda michezo. Mama yake, wifi yetu, anaugua kisukari, na ugonjwa huo umekwisha kumnyang'anya vidole viwili vya mguu. Baada ya uzazi wa tatu binti huyu alipimwa akaambiwa sukari yake nayo imeanza kupanda, bado haijawa ugonjwa lakini inakaribia mpaka. Daktari akamwambia apunguze wanga na atembee. Basi akaanza kutembea baada ya sala ya alfajiri, yeye na jirani yake wa huko Kimbo, mama wa Kikuyu muumini wa kanisa, ambaye hujua kugonga dirisha saa kumi na moja na nusu bila kuwaamsha watoto. Wakaongezeka wengine watatu wa msikitini. Kutembea kukawa kukimbia kidogo, kukimbia kidogo kukawa kilomita 10, na kipimo cha sukari kikarudi mahali pake, alhamdulillahi.

Maneno hayakukosekana. Mzee mmoja wa upande wa mume alisema haifai mwanamke wa Kiislamu kukimbia barabarani na boda boda zinapita. Mume alimjibu kwa adabu kwamba mkewe huvaa suruali pana, kanzu ya kufika magotini na mtandio wa kumfunika kifua, hutoka na wenzake wala hayuko peke yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia raba. Sisi tuliliongezea jambo moja pale barazani, kwani halisemwi vya kutosha. Bi Aisha (R.A.) amesimulia, nayo imepokewa katika mkusanyiko wa Abu Daud, kwamba walipokuwa safarini alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena, safari hii Mtume akamshinda yeye, naye akamtania kwamba hii imelipa ile. Wengi wetu tulisoma mengi ya nyumba ile tukufu chuoni, lakini hilo hatukulisikia mpaka tulipokuwa na wajukuu.

Sasa, kiini cha hofu yake. Mwezi wa kwanza alikuwa na nguvu. Alikuwa amekimbia kilomita 27 kwa mkupuo mmoja, kutoka Ruiru kuelekea Juja na kurudi kwa njia za mashamba, kwa muda wa saa 3 na dakika 40. Ndipo akajiandikisha. Kina mama wa kundi la alfajiri walimchangia ada ya kuingia, na binti yake wa miaka 11 akatangaza darasani kwamba mama yake atakimbia kilomita 50. Wiki saba kabla ya siku yenyewe, mama akalazwa Mombasa. Akafunga virago akateremka, akakaa wiki nne kando ya kitanda, akilala kwenye mkeka na akila alichokipata. Hakukimbia hata siku moja. Tunamshuhudia, kwani tulikuwa tukibadilishana naye zamu. Mama alipopata nafuu alirudi Ruiru, akajaribu kuunga pale alipoachia, na kilomita 16 zikamtoa jasho la kifo.

"Nikilala naota nimefika nimesahau viatu," alituambia. "Nikiamka tumbo limekoroga. Naingia msalani mara nne kabla ya chai. Shangazi, je, hii si dalili kwamba nisiende?"

Mmoja wetu alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, naye ndiye aliyejibu kwanza. Alimwambia kwamba tumbo kukoroga, moyo kudunda na usingizi kuruka si unabii. Mwili ukihisi jambo kubwa linakuja humwaga ndani ya damu kemikali ya kuutayarisha kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, damu huondoka tumboni ikaenda kwenye misuli, na tumbo lililoachwa hulalamika. Mwili wa bi harusi siku ya akdi hufanya vivyo hivyo. Dalili hizo zinaeleza kwamba jambo ni kubwa kwake. Kama analiweza au haliwezi, hilo halipatikani tumboni. Hutafutwa kwa kalamu na karatasi.

Hapa ndipo tulipohitilafiana, na hatuoni haya kusema. Mmoja wetu alisema asiende. Hoja yake haikuwa dhaifu: ana watoto watatu na mama mgonjwa, mbio hizi hazimpi mkate, na hakuna faradhi iliyopo ndani yake. Mtu aliyemwambia Mtume (S.A.W.) habari ya ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza kisha ategemee, na ngamia huyu, alisema mwenzetu, hakufungwa. Mwengine akasema amefungwa nusu. Miaka mitatu ya alfajiri si kitu cha kupuuzwa kwa sababu ya wiki saba mbovu, na wiki zenyewe hazikuwa za uvivu, zilikuwa za kumtumikia mzazi.

Binti alitusikiliza tukibishana juu ya kichwa chake, kisha akamtaja Sifan Hassan.

Wengi wenu mnamjua kwa picha moja. Ni mwanamke aliyezaliwa Ethiopia, akaondoka kwao akiwa msichana, akaingia Uholanzi kama mkimbizi mwaka 2008, na tarehe 11 Agosti 2024 alisimama mbele ya dunia yote mjini Paris, katika sherehe ya kufunga Michezo ya Olimpiki, amevaa hijabu, akavishwa dhahabu ya marathoni. Lakini binti yetu hakuitaja Paris. Alitaja London, mwezi wa Aprili mwaka 2023, marathoni ya kwanza ya maisha ya Sifan. Mwaka ule Idi ya mfungo iliangukia Ijumaa huko, na mbio zilikuwa Jumapili. Alikuwa amefanya sehemu kubwa ya mazoezi ya mwisho akiwa amefunga. Asubuhi ya mbio alilia kwa hofu, na mwenyewe alieleza hadharani baadaye kwamba alijiuliza ni nini kilichomfanya aingie katika jambo lile. Kabla ya nusu ya njia nyonga ikamshika. Akasimama. Akajinyoosha kando ya barabara huku wenzake wakitoweka, akaanza tena, akasimama tena. Akiyakimbilia maji mezani nusura agongane na pikipiki. Kisha akawapata mmoja mmoja, na katika mita za mwisho akawashinda Alemu Megertu wa Ethiopia na Peres Jepchirchir wetu, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo, kwa muda wa saa 2, dakika 18 na sekunde 33.

Ni habari tamu, na ndiyo maana tuliikatiza. Mwanamke yule alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na mita 10,000 kabla ya kuigusa marathoni. Alilia kwa hofu, naam, lakini alilia juu ya msingi wa zaidi ya miaka kumi ya kazi ya kila siku. Mtu aliyekimbia kilomita 27 mara moja katika maisha yake hawezi kuichukua hadithi hiyo akaivaa kama nguo ya kuazima. Tunachoweza kukichukua kutoka London ni kidogo zaidi, na kwetu sisi kina faida zaidi: bingwa wa dunia alipoumia alisimama. Hakujifanya haumwi. Watu milioni walikuwa wakimtazama, naye akasimama kando ya njia kama mama aliyetegukwa na mguu sokoni, akajishughulikia, kisha akaendelea.

Ruiru yenyewe si mgeni wa mambo haya. Chuo cha mafunzo cha Idara ya Magereza kipo pale, na idara hiyo ndiyo aliyoitumikia Catherine Ndereba, ambaye Oktoba 2001 mjini Chicago alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, wakati ambao mwanamke yeyote duniani hakuwa ameufikia. Watu hukumbuka siku hiyo, na ushindi wake mara nne kule Boston. Wachache hukumbuka kwamba mara ya kwanza alipoingia Boston, mwaka 1999, alikuwa wa 6.

Na kama tunazungumzia mbio zilizopita marathoni hasa, iliyo kongwe na mashuhuri zaidi katika bara letu ni Comrades ya Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 90 kati ya Pietermaritzburg na Durban, iliyoanza mwaka 1921. Mwaka ule wa kwanza walianza watu 34 wakamaliza 16. Hesabu hiyo tulimrudia mara mbili: zaidi ya nusu hawakufika, na mpaka leo wanaheshimiwa kwa kuwa miongoni mwa waliothubutu. Mwaka 1923 mwanamke mmoja, Frances Hayward, aliomba kushiriki akakataliwa, akakimbia hivyo hivyo, akafika kwa saa 11 na dakika 35. Nishani hakupewa. Wakimbiaji na watazamaji walichanga wakamnunulia seti ya chai ya fedha, jambo ambalo lilitupendeza sana sisi wapenda chai. Wanawake walikuja kuruhusiwa rasmi mwaka 1975.

Baada ya chakula cha mchana mtoto alitolewa daftari la chuoni, tukachukua karatasi ya katikati, tukaanza hesabu. Waandaaji wametoa saa 10, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kilomita 50 kwa saa 10 ni kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi matatu bila ya kukimbia. Akienda nusu ya kwanza kwa dakika 9 kila kilomita, mwendo ambao kwake ni wa polepole, atafikisha 25 kwa saa 3 na dakika 45. Hapo zitabaki saa 6 na robo kwa kilomita 25 nyingine, nazo ni kilomita 4 tu kwa saa. Hata akitembea nusu yote ya pili, atafika. Tuliitazama karatasi ile kwa muda. Vilima vipo, tope lipo, na mwili wa kilomita ya 40 si mwili wa kilomita ya 4. Lakini kwa mara ya kwanza tangu tuingie nyumba ile aliegemea nyuma kwenye kiti.

"Kwa hiyo si lazima nikimbie?" aliuliza.

Jirani wa Kimbo, aliyekuwa ameingia kuazima sufuria kubwa kwa ajili ya arusi, alicheka mpaka akaketi chini. Yeye amekwisha kumaliza mbio moja ya namna hiyo. Alimwambia kwamba katika mbio hizi, isipokuwa wale wachache wa mbele, watu wote hupanda vilima kwa miguu, mikono kiunoni, wakizungumza habari za karo. Tulijiuliza kwa nini hakumweleza hayo mapema. Alisema alidhani anajua.

Kosa ambalo angelifanya, lau tusingelikuja, ni hili: alikuwa amepanga kesho yake, Jumamosi, akimbie kilomita 35 ili alipe deni la wiki saba. Muuguzi wetu alilizuia jambo hilo kwa ukali ambao hatujauona tangu enzi za wodini. Faida ya zoezi gumu huchukua siku 10 mpaka 14 kujengeka mwilini. Zoezi la siku nane kabla ya mbio litamchosha tu na pengine kumuumiza, wala halitamwongezea chochote cha kumfaa Jumapili. Pumzi hupungua baada ya wiki chache za kukaa, hiyo ni kweli, lakini mifupa na kano zilizoimarika kwa miaka mitatu haziyeyuki kwa haraka namna hiyo. Kazi ya siku tisa ni kulala mapema, kukimbia kilomita 5 za polepole siku mbili tatu, na kutogusa kitu kipya. Asivae raba mpya. Asijaribu chakula kipya.

Juu ya chakula tulikuwa na mengi, kwani ndiko tulikobobea. Wanga ambao mwili huuweka akiba hauzidi sana kilomita 30, na asiyekula mapema hugonga hapo kama aliyegonga ukuta. Kwa hiyo ale kabla hajasikia njaa, kila nusu saa, tangu saa ya kwanza: tende zilizotolewa kokwa, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi. Kwa kuwa alikuwa na habari ya sukari, alikwisha kumuuliza daktari wake naye akamruhusu. Usiku wa kuamkia mbio, wali mweupe na samaki kidogo. Mbaazi za nazi tunazipenda sote, lakini mbaazi ndani ya tumbo lenye hofu, katikati ya msitu, ni mtihani ambao hatumtakii.

Maji ni jambo ambalo watu wengi hukosea kwa upande usiotarajiwa. Tumezoea kusisitiza watu wanywe, na kwetu pwani ni sawa. Katika mbio ndefu za mwendo wa polepole, hatari nyingine ni kunywa kupita kiasi, maji yakaizimua chumvi ya damu. Wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipopimwa damu mwishoni, asilimia 13 walikutwa na upungufu huo, na waliokuwa hatarini zaidi ni walionywa mno na waliokaa njiani muda mrefu. Hali hiyo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na ikizidi huua. Anywe kwa kadiri ya kiu, na ale vile viazi vyake vya chumvi. Vidonge vya maumivu jamii ya ibuprofeni asivimeze njiani, kwani huipa figo mzigo wakati ambao tayari ina mzigo.

Mavazi tulimwachia mwenyewe, ila tulimshauri ajipake mafuta ya mgando kwapani, mapajani na chini ya kidevu pale mtandio unaposugua, kwa sababu saa nane za kusuguliwa na kitambaa laini huchubua kama msasa. Pini za mtandio hakutaka kuzisikia. Amezishona pembe kwa uzi.

Sala ya alfajiri ataiwahi kabla ya kuanza. Adhuhuri itamkuta njiani, na hapa ndipo mpango wetu wote ulipofungwa fundo. Kwa hesabu ile ya karatasi, inapokaribia saa saba mchana atakuwa kwenye kituo cha tatu cha maji, kilomita ya 37. Mume atakuwa pale na mkeka, chupa ya maji ya udhu, na karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo tuliyokaa nayo kwa muda mrefu kuliko vitu vyote. Tulimuuliza swali ambalo alilikimbia mara mbili kabla ya kulijibu: anakwenda kwa sababu anataka, au kwa sababu ya darasa la mtoto, michango ya kina mama na maneno ya yule mzee? Alilia kidogo. Kisha akasema, "Vyote. Lakini nikivitoa vyote hivyo, bado nataka." Alisema wiki zile nne za hospitali alikuwa akiitazama miguu ya mama yake kila asubuhi wakati wa kubadilisha bendeji, akijiambia kwamba miguu yake ikiwa bado mizima ataipeleka mahali. Hata yule mwenzetu aliyesema asiende alinyamaza hapo.

Basi aliandika kwa mkono wake sababu za kusimama, siku ambayo akili yake imetulia, ili asiamue siku ambayo akili imechoka. Akikojoa mkojo mweusi. Akichanganyikiwa au kutapika asiweze kushika chochote. Akiwa na maumivu ya mahali pamoja yanayomfanya achechemee, yakawa yanazidi. Akifika kituo cha tatu baada ya saa saba u nusu. Likitokea moja katika hayo, mume atafunga mkeka na watarudi nyumbani kwa pikipiki, na hakuna atakayeulizwa kitu. Ilikuwepo pia njia ya kuomba kuhamishiwa kwenye mbio fupi ya kilomita 25, na waandaaji walikuwa wametoa nafasi mpaka Jumanne. Tulimshauri aifikirie kwa unyofu. Aliifikiria. Jumanne ikapita.

Jambo lililobaki lilikuwa mama. Binti alikuwa amemficha, akiogopa kumtia wasiwasi, na sisi hatukuafiki, kwa kuwa mama mgonjwa husikia habari kupitia kuta. Jumamosi usiku, vugo likiwa linalia nyumba ya pili, alimpigia simu. Tulimsikia akieleza, akieleza tena, akirudia "kilomita, mama, kilomita." Kisha kukawa kimya kirefu. Wifi yetu hakutoa dua wala onyo, alivyotusimulia. Aliuliza tu kama huko msituni kuna nyani.

Tumerudi Mombasa Jumatatu. Gazeti hili linakwenda mitamboni Jumatano, siku nne kabla ya mbio, na msomaji atalipata mkononi Ijumaa huku binti yetu akiwa bado hajavaa nambari yake kifuani. Hofu haijaondoka; jana ametuandikia kwamba aliota tena, safari hii viatu vipo lakini ni vya mume. Hatukumwambia asiogope. Leo asubuhi ulikuja ujumbe mwengine kwenye simu, akiuliza viazi vya kuchemsha kilo moja vinatiwa chumvi vijiko vingapi. Tulibishana kidogo sisi wenyewe, kisha tukamjibu: kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu, na aonje.